Kujiamini Hakuhubiriwi, Wapelekeni Kambini

Wasee, leo wacha niguse kitu ambacho kitawaudhi wahamasishaji wote wa shule za upili: kujiamini hakuhubiriwi. Unaweza kuleta jamaa wa suti na viatu vilivyochongoka, ukampa maikrofoni, akawapigisha wanafunzi mia nane kelele za "Mimi ni mshindi!" hadi mabati ya ukumbi yakatetemeka. Jioni hiyo hiyo, mwalimu akiuliza swali darasani, mikono itakayoinuka ni ile ile minne ya kila siku.

Nimekaa kwa hizo hotuba. Wewe pia umekaa, usijifanye. Unatoka ukiwa umewaka moto, unaandika malengo nyuma ya daftari, na kufikia Alhamisi moto umezima. Watu wanasema ni uvivu. Mimi nasema uliambiwa unaweza, halafu hukupewa kitu cha kufanya.

Sasa linganisha na hii. Mwalimu akipendekeza wanafunzi wa madarasa ya juu waende kambi siku tano, walale kwa hema, wajipikie, wapande mlima na mizigo yao mgongoni, anaambiwa nini? Ati huo ni mchezo wa shule za mabwanyenye. Ati ni kupoteza muda wa masomo. Ati hakuna mzazi atalipia mtoto aende kuchezea matope. Lakini hela ya mhamasishaji kila muhula haikosekani.

Mahali panne

Kuna mwanasaikolojia aliyeitwa Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Mwaka 1977 aliandika kuhusu ile imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, na akasema imani hiyo inatoka mahali panne. Pa kwanza, na penye nguvu kuliko pengine pote, ni kulifanya jambo lenyewe ukajiona umeliweza. Pa pili ni kumwona mtu kama wewe akiliweza. Pa tatu ni kuambiwa na watu kwamba unaweza. Pa nne ni mwili wako: moyo ukienda mbio na magoti yakitetemeka, je, unasema "nakufa" au unasema "hii ni kawaida, itapita"?

Rudia hiyo orodha. Mhamasishaji anafanyia kazi namba tatu peke yake. Kambi nzuri inagusa zote nne kabla ya chakula cha mchana.

Ndengu za Mlima Kenya

Agosti 2019 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya umma, mwanachama wa klabu ya President's Award. Kama huijui, ni ule mpango wa vijana ambao Uingereza wanauita Duke of Edinburgh's Award. Huko ulianza 1956, Kenya ukaingia 1966. Una ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na kila ngazi ina safari yake ya porini. Ya dhahabu ni siku nne na usiku tatu, kwa uchache. Mnaenda kundi la watu wanne hadi saba, na mtu mzima hawaongozi kama kondoo. Anafuata kwa mbali na kuingilia kukiwa na hatari.

Sisi tulikuwa wasichana saba, na safari yetu ilikuwa Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki. Lango liko mita 2,650 hivi juu ya bahari. Usiku wa kwanza tulilala Old Moses, mita 3,300. Wa pili na wa tatu tukalala Shipton's, mita 4,200, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Halafu saa tisa za usiku unaanza kuelekea Point Lenana, mita 4,985.

Wengi wakisikia hivyo wanadhani konfidensi inaokotwa kileleni, pale unapopiga picha na bendera. Pale ni pazuri, sikatai. Ni huko huko Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963, na ukifika unaelewa kwa nini. Lakini nikijiuliza ni nini kilitubadilisha, kitu cha kwanza kinachonijia ni ndengu.

Shuleni, chakula kinakuja na kengele. Miaka mitatu hakuna mtu alikuwa ametuuliza wali wa watu saba ni vikombe vingapi, au mtungi mdogo wa gesi unawaka kwa muda gani. Kwa hii safari tulipanga kila kitu sisi wenyewe, na mwenzetu aliyepewa idara ya jikoni akabeba ndengu kavu: bei nafuu, haziozi, zinashibisha. Nairobi zingeiva. Kule Shipton's hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100. Unayaona yakitokota mbele ya macho yako, lakini ndengu ziko vile vile. Tulizichemsha saa mbili nzima. Ukitafuna, ni kokoto.

Mwalimu wetu alikuwa hema la tatu kutoka letu, amekaa na kikombe cha chai. Aliona. Hakuja. Kumbe hapo ndipo alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa. Mpishi wetu alilia kidogo, akafuta pua, akazima jiko. Akaupima mtungi kwa mkono, akachukua karatasi ya biskuti na kupiga hesabu: chai ya asubuhi mara mbili, uji wa saa nane za usiku, supu ya kurudi. Akatuambia leo tunakula chapati baridi na njugu, gesi iliyobaki ni ya hivyo vitu vinne, na atakayegusa jiko bila kumuuliza atamjua yeye ni nani. Hakuna aliyebisha. Kesho yake wote tulikuwa tunamwomba ruhusa. Huyu ni msichana ambaye darasani alikuwa anajiita mbumbumbu wa hesabu.

Yule ambaye hakufika juu

Kundi letu lilikuwa na prifekti, sauti kama king'ora. Lilikuwa pia na msichana mwenye kigugumizi, ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbele ya darasa. Kazi za kundi zilikuwa za zamu, na usiku wa kilele zamu ya kuangalia afya ilimwangukia yeye. Maana yake, kila nusu saa anamuuliza kila mtu maswali yale yale. Kichwa kinauma? Umetapika? Unatembea sawa? Na tulikuwa tumekubaliana tukiwa chini, kabla mtu yeyote hajachoka, kwamba yeye akisema mtu ashuke, mtu anashuka.

Kwenye saa kumi na moja alfajiri, pale kwenye mteremko wa changarawe ambao unapanda hatua mbili unateleza moja, prifekti alianza kuyumba. Alikuwa ametapika mara mbili. Akasema yuko fiti. Alisema kwa ile sauti yake ya paredi, na wote tukawa tayari kumwamini kwa sababu tumezoea kumwamini. Yule mwenzetu akamwambia, "Unashuka." Prifekti akakataa. Akaanza kurudia, na ilimchukua muda. Tulisimama kwenye hiyo baridi, tochi zimewaka vichwani, tukimngoja amalize. "Unashuka. Na mimi nashuka na wewe."

Mmoja wa waongozaji wetu wawili, mzee ambaye alikuwa ametembea nyuma usiku kucha bila neno, akasema tu, "Mmemsikia." Wakashuka watatu. Sisi watano tukafika Lenana jua likichomoza.

Kufika kambini tulimkuta prifekti amekaa, anakunywa chai, kichwa kimepoa. Ule ugonjwa wa mwinuko dawa yake kubwa ni kushuka, na kuchelewa kunaweza kuua. Kwa hivyo msielewe vibaya: huyo msichana hakufanya igizo la kujenga tabia. Alifanya uamuzi wa kweli, juu ya mwili wa mtu wa kweli, na akalipa kwa kilele chake mwenyewe.

Muhula wa tatu, mwalimu wa kemia aliruka hatua ubaoni. Yule yule akasimama, akasema. Kigugumizi kilikuwa pale pale, hakikuponywa na mlima. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, prifekti akageuka akamkata jicho, ikaisha hapo.

Huyo ndiye ninayemfikiria nikisikia mtu anasema konfidensi ni kuwa na sauti kubwa. Ile picha ya kileleni hana. Lakini nikiulizwa ni nani alirudi na kitu kikubwa zaidi, namtaja yeye.

Kwa nini lazima mlale huko

Trip ya siku moja haifanyi hii kazi. Saa nane unaweza kuigiza. Siku tano huwezi. Siku ya pili soksi zimelowa, nywele ziko kila mahali, na yule msichana wa simu kali anakuomba karatasi ya choo. Vile vyeo vya shuleni, nani ni namba moja, nani babake ana gari, nani anajua Kizungu cha puani, vinaanza kulegea. Mnapata nafasi ya kujuana upya, na wewe unapata nafasi ya kuwa mtu ambaye darasa lako halijawahi kukuruhusu uwe. Ukiwa kijana wa miaka 16 au 17, hiyo ni kitu kubwa sana. Umekaa na watu wale wale miaka mitatu na tayari wamekuamulia wewe ni nani.

Hii idea ni ya zamani. Kurt Hahn alikuwa mwalimu Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Alimpinga Hitler, akafungwa 1933, akakimbilia Uingereza. Mwaka 1941, katikati ya vita, alisaidia kuanzisha shule ya kwanza ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, pamoja na mwenye meli mmoja, Lawrence Holt. Inasimuliwa kwamba Holt alikuwa na mashaka: meli zikizamishwa, mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wanakata tamaa upesi kwenye mitumbwi ya kuokolea, huku wazee waliozoea dhiki ya bahari wakivumilia. Misuli walikuwa nayo. Hawakuwa na kumbukumbu ya kupitia shida wakatoka upande wa pili.

Na usiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Outward Bound iko Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wetu, tangu miaka ya 1950. Maskauti wamekuwa wakipiga kambi Rowallan hapa Nairobi tangu kabla babu yako hajapata kitambulisho.

Na ushahidi upo. Mwaka 1997 John Hattie na wenzake walikusanya tafiti 96 kuhusu programu za aina hii. Walikuta faida haikuishia kambini: washiriki walipopimwa tena baada ya muda, walikuwa wameongeza. Programu nyingi za elimu huenda kinyume, zinang'aa mwanzoni halafu zinafifia. Lakini walikuta pia kwamba kambi na kambi hazifanani hata kidogo, na zile ndefu, za zaidi ya siku 20, ndizo zilizofanya vyema zaidi. Kwa hivyo neno "kambi" peke yake halina dawa ndani yake.

Kambi feki

Kuna zile ambazo ni hotuba ya mhamasishaji iliyohamishiwa kwenye nyasi. Watoto wanapangwa mistari, wanapigiwa filimbi, jamaa wa suruali ya jeshi anawafokea, anayelia anaitwa mwoga mbele ya wenzake. Hiyo inafundisha woga mwingine mpya. Mtoto aliyesukumwa kwenye kamba ya kushuka mwamba huku anapiga kelele amejifunza kwamba akisema hapana hasikizwi. Aliyesimama ukingoni dakika ishirini, akauliza maswali, akakagua mshipi wake, kisha akashuka mwenyewe, amejifunza kitu kingine kabisa. Hata aliyekagua akasema "leo hapana" amefanya uamuzi.

Kuna pia zile za kubebwa kama yai. Mpishi yupo, hema zimeshasimamishwa, walimu wanaamua kila kitu, wanafunzi ni wa kupiga picha za TikTok. Mnarudi na kontenti safi lakini hamjabadilika. Na mimi kontenti ndiyo kazi yangu, kwa hivyo sina chuki nayo.

Lakini mtu mzima kurudi nyuma hakumaanishi awe hayupo. Hapa sina mzaha. Aprili 2012 vijana wa kanisa walikufa kwenye korongo la Hell's Gate maji yalipowajia ghafla. Mwaka 2019 mafuriko yakaua watu tena pale pale. Anga juu yako inaweza kuwa shwari, mvua inanyesha mbali, na korongo linajaa kwa dakika chache. Kuchoma ndengu waachieni wanafunzi. Mvua, kamba, mito na dalili za ugonjwa wa mwinuko ni za mtu aliyefunzwa, mwenye uwezo wa kusema "leo hatuendi" hata kama basi limeshalipiwa.

Pesa je?

Najua. Mlima Kenya una ada ya hifadhi, waongozaji, chakula, usafiri. Shule nyingi haziwezi, na hapo ndipo panaponiuma. Watoto wa shule ghali wanapelekwa milimani kila mwaka, wanarudi wakiongea na watu wazima wakiwaangalia machoni, halafu kwenye mahojiano ya kazi tunasema "hawa wamezaliwa na konfidensi." Hakuna aliyezaliwa nayo. Walifanyishwa mazoezi.

Lakini ukitoa mlima, kinachofanya kazi kinabaki: kulala nje ya nyumbani, kazi ya kweli ambayo ukiiacha kundi linaumia, mtu mzima anayejizuia, na kikao jioni cha kuzungumza kilichotokea. Hivyo vyote vinaweza kufanyika usiku mbili kwenye uwanja wa shule jirani, na matembezi ya Ngong au Longonot yenye mita zake 2,776. Hema za kuazima kwa maskauti, sufuria za nyumbani, unga mmoja mmoja kutoka kwa kila mwanafunzi. Hicho kikao cha jioni msikiruke, kwa sababu ni hapo yule wa ndengu aligundua kwamba alichofanya kinaitwa hesabu.

Mathe na barua

Mdogo wangu ameingia Gredi ya 10 mwaka huu, lile kundi la kwanza la sekondari ya juu. Juzi alileta barua: kambi ya siku nne, Naivasha. Mathe akaisoma mara mbili, akaniangalia. "Sasa hii itamsaidia kupata nini?" Swali zuri, kwa sababu pesa ni yake, na mimi ni mtoto aliyeacha chuo mwaka wa pili. Kwa nyumba yetu sina cheti cha kupeperusha.

Nilimjibu hivi. "Mama, unakumbuka siku nilikuja kukuambia naacha chuo? Nilikuja na karatasi. Kodi ya nyumba, bando, pesa niliyokuwa napata kwa mwezi, miezi niliyoweza kusukuma kazi ikikosekana. Ulikasirika, lakini ulisoma hiyo karatasi. Ile hesabu niliiona kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya biskuti, Shipton's, mtu akigawanya gesi."

Sikumwambia kwamba kambi itamfanya Brayo wetu awe daktari. Nilimwambia atarudi akiwa na angalau kitu kimoja alichofanya, ambacho hakuna mtu anaweza kumwambia hakukifanya. Siku mtihani ukimkataa, au kazi, au mtu aliyempenda, atakuwa na mahali pa kusimama.

Mathe alinyamaza, akauliza kama kuna mtu atakayeangalia hali ya mvua. Nikamwambia hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza shule, na apige simu awaulize mwenyewe. La pili, ni nani atapika? Wakisema kuna mpishi, aulize kwa nini. La tatu, mtoto akisema hapana, nini kinafanyika?

Alipiga. Walimjibu yote matatu vizuri. Amelipa nusu, nusu nyingine natoa mimi, na Brayo ameshaambiwa asibebe ndengu.